Jibu: tochi ya plagi, betri ya volti 4 imekufa, seli ya laptopu itafaa?

Swali lililonifikia, nalifupisha: "Fundi, nina tochi kubwa ile ya kuchomeka ukutani. Ndani ina betri nyeusi ya mraba ya volti 4, imekufa, ukiitoa kwenye chaji inawaka dakika mbili inazima. Nimepasua betri ya laptopu nikapata seli sita za 18650, zile za lithiamu za duara kama betri kubwa ya redio. Nikachukua moja nikaifunga moja kwa moja kwenye waya za betri ya zamani, tochi ikawaka kali sana, mwanga ukawa kama wa bluu, baada ya muda LED tatu kati ya 19 zikazima. Nauliza, chaja ya ndani si itafaa tu maana volti 4 na 3.7 ni karibu? Naweza kufunga seli tatu pamoja ili idumu? Na zile LED zimekufa kwa nini?"

Ndugu yangu, kabla ya yote, kama hiyo seli bado iko ndani ya tochi na plagi bado ipo, usiichomeke ukutani hata kwa dakika tano za kujaribu. Itoe kwanza iweke pembeni, alafu tuongee. Nimeanza na hilo kwa sababu maswali yako yote ni mazuri ila hilo la chaja ndo lenye moto ndani yake, na watu wengi wanaofanya hii kazi wanalipita haraka maana wakishafunga seli tochi inawaka vizuri, wanafunga skrubu, wanaona imeisha.

Kubadilisha betri ni kazi ya robo saa. Kazi yenyewe hasa ni kuitoa ile chaja ya zamani, yote, pamoja na plagi yake, na kuweka ya lithiamu.

Fungua tochi uitazame ile bodi ndogo inayopokea waya za plagi. Hutaona transfoma pale. Kwenye tochi nyingi za aina hii utaona kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) moja ya mstatili, mara nyingi nyekundu au ya kahawia, imeandikwa kitu kama 105J 400V, resista moja imelala pembeni yake, daiodi nne ndogo nyeusi na ka-LED kekundu ka kuonyesha inachaji. Basi, hiyo ndo chaja nzima. Ile 105 maana yake mikrofaradi 1, na kwenye umeme wa volti 230 wa hezi 50 kapasita ya ukubwa huo ina ukinzani wa kama omu 3,180, kwaiyo inaruhusu kama miliampea 72 kupita, hazizidi hapo. Yani inapima mkondo tu, habari ya volti haiijui kabisa. Kinachozuia volti zisipande ni betri yenyewe, inazikalia, na ukiitoa betri huku imechomekwa basi pale kwenye waya mbili za betri volti zinaweza kupanda mpaka zikaribie kilele cha umeme wa ukutani ambacho ni kama 325.

Betri ya risasi na asidi inavumilia hayo. Ikishajaa na mkondo bado unaingia, inaanza kupasua maji yake yanakuwa haidrojeni na oksijeni, maji yanapungua taratibu, betri inakauka inakufa, na inawezekana kabisa hiyo yako imekufa hivo (njia nyingine ni kuiacha bila chaji miezi, ile salfeti inaganda kwenye sahani na hairudi). Inakufa, lakini inakufa kimyakimya.

Seli ya lithiamu haina maji ya kupasua. Ikishafika volti 4.2 imejaa, na ukiendelea kusukuma, lithiamu inaanza kujipaka kama chuma kitupu kwenye upande hasi, upande chanya unaanza kulegea na kuachia oksijeni, na kilichomo katikati ni kimiminika kinachowaka. Miliampea 72 inaonekana ni ndogo, na hapo ndo mtego ulipo. Seli ya mAh 2,000 (mAh ni kiasi cha chaji seli inachobeba) kwa mkondo huo inahitaji kama saa 28 kujaa, kwaiyo usiku wa kwanza utaichaji saa nane, asubuhi haina tatizo, haina hata joto, utatumia, usiku wa pili hivohivo, mwezi mzima utaona fundi alikuwa anakutisha bure. Alafu kuna siku utaisahau imechomekwa siku mbili au tatu. Seli imejaa na bado inasukumwa, hakuna kitu chochote kwenye ile bodi kitakachosema basi.

Najua utaniuliza, je nikiweka ule ulinzi mdogo, ile saketi ya DW01 inayokata seli ikizidi, si inatosha? Swali la haki kabisa, ila jibu ni hapana. Hiyo saketi inakata kwenye kama volti 4.3, sawa, inafungua mosfeti zake, yani swichi ndogo za elektroniki. Lakini kumbuka chaja ya kapasita ikikosa mzigo inapanda kuelekea volti 325, na mosfeti za pale, zile 8205, zimetengenezwa kuvumilia kama 20. Zitapasuka ndani, na mosfeti ikipasuka mara nyingi inabaki imeungana, mkondo unapita tena kwenda kwenye seli na sasa ulinzi haupo. Kwaiyo ulinzi ule umetengenezwa kufanya kazi na chaja ya adabu, huwezi kuutumia kama breki ya umeme wa ukutani.

Na la pili kuhusu hiyo bodi, haijatenganishwa na umeme wa ukutani kwa namna yoyote. Ikiwa imechomekwa, kila kitu ndani ya tochi kina umeme wa kuua, betri, swichi, mpaka miguu ya LED. Hata ukichomoa, ile kapasita inabaki na chaji. Pembeni yake huwa kuna resista kubwa ya kuimwaga, lakini ikikatika hakuna atakayejua maana tochi inaendelea kuchaji kama kawaida. Mimi miaka ya mwanzo nilichomoa tochi ya namna hii nikashika miguu ya plagi na vidole viwili, nikatupwa mkono mpaka begani, na ile tochi nilikuwa nimeichomoa mwenyewe sekunde chache nyuma. Kwaiyo kabla hujaikata, chomoa, subiri, alafu gusisha miguu ya kapasita kwa resista ya kilo-omu chache, uishike kwa koleo yenye mpira, ndo uanze kazi.

Kata bodi yote utoe, plagi utoe, tundu la plagi uzibe au ulitumie kutokezea USB. Usiache plagi "kwa urembo", maana mtu mwingine nyumbani akiiona ataichomeka.

Sasa ya kuweka. Tafuta kibao cha TP4056, ni chaja ya seli moja ya lithiamu inayotumia umeme wa USB, vidogo, kama kidole gumba, vinapatikana kila mahali wanapouza vipuri vya elektroniki. Viko vya aina mbili na vinafanana, angalia vizuri. Kimoja kina chipu moja na sehemu nne tu za kulehemu waya, hicho kinachaji bila ulinzi wa seli. Kingine kina chipu tatu, ile kubwa yenye miguu minane na mbili ndogo, na upande wa seli kina B+, B-, OUT+ na OUT-. Chukua cha chipu tatu. Seli inaenda B+ na B-, tochi inaenda OUT+ na OUT-. Watu wanachanganya wanafunga tochi na seli zote kwenye B, tochi inawaka, lakini ulinzi umeuruka, siku ukiisahau inawaka seli itanyonywa mpaka ife.

TP4056 inafanya kile ambacho kapasita haiwezi. Inasukuma mkondo uliopangwa mpaka seli ifike 4.2, inashikilia hapohapo huku mkondo ukipungua wenyewe, ukifika sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo inakata. Taa nyekundu inazima, inawaka ya bluu au kijani. Kumbuka hapo, usiwashe tochi wakati inachaji. Tochi ikiwa inakula mkondo, kibao hakiwezi kuona kwamba seli imeshiba, kinabaki kinashikilia 4.2 masaa na masaa, haitalipuka ila seli inazeeka haraka.

Kinavyokuja kimepangwa ampea 1, kwa resista yake ya kilo-omu 1.2. Kwa seli zilizotoka laptopu nzee ningeshusha. Ukibadilisha hiyo resista ukaweka ya kilo-omu 2 unapata kama miliampea 580, inachaji polepole zaidi, seli inabaki baridi na kibao chenyewe pia. Maana kile kibao kinapunguza volti kwa kuzigeuza joto, kinapokea 5, seli iko 3.7, tofauti ya 1.3 mara ampea 1 ni wati 1.3 kwenye kitu cha ukubwa wa ukucha, ndo maana ukikigusa kinachoma. Ni kawaida yake, lakini usikibandike kwenye seli kwa gundi ya moto, kitakuwa kinaipasha seli kila unapochaji. Kiweke upande mwingine wa tochi, nafasi ipo, ile betri ya risasi ilikuwa dude kubwa.

Ukinunua chenye tundu la USB-C na kikakataa kuchaji kwa waya wenye C pande zote mbili, usikitupe. Vingi vimekosa resista mbili za kilo-omu 5.1 zinazoiambia chaja kuwa kuna kitu kimechomekwa. Tumia waya wenye USB ya zamani ile pana upande wa chaja, kitachaji.

Sasa LED zako. Ulivyoeleza, mwanga mkali alafu bluu, hiyo ni dalili ya kuzidishiwa mkondo, haina utata. LED nyeupe ndani yake ni chipu ya bluu iliyofunikwa na unga wa njano, bluu na njano zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Ukizidisha mkondo chipu inapata joto, ule unga unazidiwa, bluu inaanza kutawala. Ukiona hivo una dakika tu kabla hazijaanza kufa.

Kwa nini kwenye betri ya zamani hazikufa wakati volti zilikuwa karibu sawa? Kwa sababu mtengenezaji aliokoa resista. Betri ile ya risasi, ndogo na hafifu, ina ukinzani wake wa ndani, na zile waya nyembamba kama uzi nazo zina wao, vyote hivyo vilikuwa vinafanya kazi ya resista bila kuandikwa popote. Ukaweka seli ya lithiamu ambayo inatoa ampea kadhaa bila kushuka, imejaa kwenye 4.2, LED inataka kama 3.1 tu, tofauti yote ya 1.1 ikakosa pa kwenda. Na LED zikiwa sambamba (chanya zote pamoja, hasi zote pamoja) kuna jingine, LED ikipata joto volti inazohitaji zinashuka, kwaiyo ile yenye joto zaidi inavuta mkondo zaidi, inapata joto zaidi, inavuta tena, mpaka inakufa, alafu mgao wake unahamia kwa zilizobaki. Zako zilikuwa zimeanza hiyo safari, ungeiacha saa moja ungebaki na giza.

Dawa ni resista moja kwenye waya chanya. Umebaki na LED 16, za milimita 5 hizi kwa kawaida ni miliampea 20 kila moja mwisho, mimi ningezipa 15 zikae miaka. 16 mara 15 ni 240, yani ampea 0.24. Volti za kumezwa ni 4.2 toa 3.1, inabaki 1.1. Gawa 1.1 kwa 0.24 unapata 4.58, resista iliyo karibu madukani ni omu 4.7. Joto lake ni 1.1 mara 0.24, kama wati 0.26, kwaiyo ile ndogo ya robo wati itaungua taratibu, weka ya nusu wati au 1 kabisa. Seli ikishuka mpaka 3.7 mkondo utakuwa umeshuka kwenye miliampea 150 hivi, mwanga unapungua polepole, jicho halitashtuka sana. Kwa seli iliyobaki na mAh 1,800 utapata kama saa nane mpaka kumi za mwanga unaofifia pole pole.

Hizo tatu zilizokufa ukitaka zibadilishe, ukiacha pia sawa. Ila kama LED zilizobaki zimeshaanza kuwa na mwanga tofauti tofauti, nyingine bluu nyingine hafifu, usihangaike nazo, toa bodi yote uweke LED moja ya wati 1 iliyobandikwa kwenye kipande cha aluminiamu, na badala ya resista weka chipu ya AMC7135, ya miguu mitatu, inatoa miliampea 350 zilezile toka seli imejaa mpaka imekaribia kwisha. Hapo mwanga haufifii. Mimi naipenda sana hiyo chipu kwa tochi za seli moja, ni rahisi kufunga na inakula volti kama 0.12 tu juu ya zile za LED. Lakini LED ya wati 1 lazima ikae kwenye chuma kinachotoa joto, ukiiweka kwenye plastiki tupu haitamaliza wiki.

Kuhusu seli zako sita. Betri ya laptopu ya seli sita kawaida ni jozi tatu, na mara nyingi laptopu inapokataa betri ni jozi moja tu imekufa, seli nyingine nne bado nzima. Chukua mita, weka kwenye volti za DC, na hakikisha waya mwekundu wa mita haupo kwenye tundu la ampea 10, maana ukigusisha hivyo kwenye seli umepiga shoti kamili. Pima kila moja uandike juu yake kwa kalamu. Yenye 3.0 kwenda juu, nzuri, endelea nayo. Kati ya 2.5 na 3 ijaribu kwa mkondo mdogo huku ukiishika mara kwa mara. Iliyo chini ya 2.5 usiifufue, hata kama kuna mtu amekuonyesha kuwa inawezekana. Inawezekana kweli, inapokea chaji, lakini seli ikishuka chini vile shaba ya ndani inayeyuka kidogo, na ukiichaji inarudi kuganda mahali sio pake, inajenga daraja dogo ndani kati ya chanya na hasi. Utaitumia wiki mbili vizuri alafu siku moja lile daraja linakamilika.

Zilizopita, zichaji moja moja kwa TP4056 mpaka taa ibadilike. Shika kwa mkono wakati inachaji. Vuguvugu kidogo sawa, ikiwa ya moto mpaka unataka kuiachia, hiyo toa, imeisha. Baada ya saa moja pima, inatakiwa iwe 4.15 mpaka 4.2. Alafu ziache kwenye rafu wiki mbili bila kuzigusa, upime tena. Hapa watu wanakosa subira na hapa ndo seli inasema ukweli. Nzuri itakuwa imeshuka kidogo sana. Iliyoshuka chini ya 4.0 ina tundu la ndani inajinyonya yenyewe, usiiweke kwenye kitu utakachokiacha ndani ya nyumba.

Jaribio la mwisho, resista ya omu 3.9 ya wati 5, igusishe kwenye seli iliyojaa, itavuta karibu ampea 1. Pima volti palepale kwenye seli kabla na wakati inavuta. Ikitoka 4.12 ikaenda 4.03, imeshuka 0.09, ukinzani wa ndani ni kama omu 0.09, kwa seli ya zamani hiyo ni afya. Ikishuka 0.2 au zaidi, hiyo imechoka. Usiishikilie resista zaidi ya sekunde chache, inaunguza.

(Na siku ukitaka kununua mpya, seli ya 18650, yani milimita 18 kwa 65, nzuri nyingi zinaishia kama mAh 3,500 au 3,600. Ukiona imeandikwa 9,900 weka chini uondoke. Ipime hata kwa mkono, nzima ina uzito wa kama gramu 45, feki nyingi ni nyepesi.)

Seli tatu pamoja, inawezekana, kwa sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, TP4056 moja inazichaji zote kama seli moja kubwa. Usizifunge kwa mfuatano, hapo zinakuwa volti 12.6 na kila kitu nilichokueleza kinakufa. Lakini kabla ya kuzigusanisha sambamba lazima ziwe volti sawa. Ukichukua ya 4.2 ukaifunga na ya 3.2, tofauti ni volti 1, ukinzani wa zote mbili pamoja na waya tuseme omu 0.2, mkondo ni ampea 5 unaotoka kwenye moja kuingia nyingine papo hapo, bila chaja, bila ulinzi. Zichaji zote mpaka zijae kwanza, zipime, zikitofautiana chini ya 0.05 ndo uziunge. Na zitoke betri moja, umri mmoja. Ushauri wangu kwako, anza na moja. Saa nane za mwanga ni usiku karibu mzima, na seli moja ikileta shida ni shida ya seli moja.

Jambo la mwisho kabla hujafunga, na hili naomba ulifanye kwa macho yako. Chukua seli, itazame kwa juu upande wa chanya. Ile kofia ya katikati ni chanya, sawa. Lakini ukingo wa chuma unaoizunguka, milimita mbili tu pembeni, ni hasi. Gamba lote la chuma la seli ni hasi kuanzia chini mpaka ule ukingo wa juu, kinachotenganisha ni pete nyembamba ya plastiki na ile karatasi laini ya rangi iliyoivika seli. Ulipozitoa kwenye laptopu ukavuta zile bati za nikeli, mara nyingi bati linachana ile karatasi hapohapo kwenye ukingo. Niliwahi kuletewa tochi imebadilishwa hivihivi na mtu mwingine, waya chanya umepita juu ya ukingo uliochanika, plastiki ya waya ilikuwa imesagika kwa mtikisiko, na kulikuwa na doa jeusi ukubwa wa punje ya mchele mahali shaba ilipogusa chuma. Iligusa kidogo ikaungua ikaachia. Ingeganda pale tungeongea mengine.

Kwaiyo seli iliyochanika ivue yote, ivishe mpira mpya unaosinyaa kwa joto, na juu kwenye chanya weka kile kiduara cha karatasi ngumu kabla ya kuivisha. Usilehemu moja kwa moja kwenye seli, joto la chuma cha kulehemu linaharibu ile pete ya plastiki na utando wa ndani. Kama bati za nikeli bado zimeshika, lehemu kwenye ncha ya bati mbali na seli. Kama umezing'oa zote, nunua kishikio cha plastiki chenye springi, seli inaingia kama betri ya redio na siku ikichoka unaitoa bila kazi. Zungushia sponji au kitu kigumu kiasi isichezecheze.

Ile betri ya zamani usiipasue, ina asidi na risasi, ikiwa imevuja kwenye tochi futa kwa maji yenye magadi kwanza. Ipeleke na zile seli mbovu kwa wanaopokea betri chakavu, seli zibandike tepu kwenye chanya kabla ya kuziweka pamoja.

Ukishalehemu, kabla ya kufunga skrubu, pima OUT+ na OUT-. Ikisoma 0 wakati seli ina volti, usishtuke, ule ulinzi mara nyingi unaamka umefunga, chomeka chaja sekunde moja utafunguka. Alafu washa tochi, weka mita kwenye miguu miwili ya resista ya omu 4.7. Seli ikiwa imejaa inatakiwa isome kama 1.1. Niandikie imesoma ngapi, ikizidi 1.4 usiifunge, tutapandisha resista. Na chaji ya kwanza uifanye mchana ukiwepo, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro na mapazia.